Hadithi Iliyoishia Mtoni

Katika soko la Kasulu, upande wa nafaka, Vestina anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni maharage yake, ambayo huyapepeta na kuyachambua kwenye ungo mpaka mfanyabiashara anayeyasafirisha mbali anakosa la kulalamikia. La pili ni salamu. Waha kwa salamu hawana mpinzani, lakini Vestina anawapita hata Waha wenzake. Atakuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za mgonjwa wenu, na akisikia hamna mgonjwa atauliza ya yule aliyepona mwaka juzi. Mtu mwenye haraka hununua maharage meza ya jirani.

Kwa mwanamke mwenye ulimi wa kuuliza namna hiyo, ni ajabu kwamba alikaa na mume miaka tisa, akamzalia watoto wawili, na hakuwahi kumuuliza jambo moja ambalo lingewapunguzia wote mateso. Tusimlaumu mapema, lakini. Kule alikoolewa kuna mambo hayaulizwi.

Mume mwenyewe ni Ndayikeza, fundi redio wa Murungu, wilaya ya Kibondo. Mama yake alimleta Tanzania mwaka tisini na tatu, akiwa mtoto wa miaka sita, Burundi ilipowaka moto. Walipokelewa na mjomba aliyekuwa ametangulia tangu sabini na mbili, wakapata pa kulima, miaka ikapita, uraia ukapatikana, na leo ukimwita Ndayikeza mkimbizi atakutolea kitambulisho cha taifa mfukoni. Ni mtu mpole. Hapigi mtu, hagombani na mtu, na redio iliyoshindikana kwa mafundi wote wa mjini yeye huifufua. Tatizo ni kwamba akishaifufua anaisikiliza. Anasikiliza habari za asubuhi, za mchana na za jioni, za Kiswahili na za Kirundi, na hata zile za Kifaransa ambazo haelewi vizuri, bora tu asikie majina ya miji. Akikutana nawe anakusalimu "amahoro", yaani amani, kama ilivyo desturi ya kwao, kisha anakaa kitako na kukueleza vita vitaingilia upande gani.

Hiyo ndiyo hofu aliyoolewa nayo Vestina. Hakuna mtu Murungu aliyeanza kujenga nyumba ya matofali mara nyingi kama Ndayikeza. Msingi ukishakamilika, redio inasema neno, na matofali yanauzwa kwa jirani. Nyuma ya mlango lilikaa furushi la mihogo mikavu, chumvi na kiberiti, tayari kwa safari ambayo haikuwahi kuja. Kila uchaguzi, wa huku au wa ng'ambo, Vestina alilala na nguo za mchana. Mwisho maji yakamfika shingoni. Akamwambia mumewe kwamba yeye ni Mha wa Kasulu, babu zake wote wamezikwa Kasulu, na hawezi kuishi kama mgeni kwenye nchi aliyozaliwa. Akachukua watoto, akapanda gari.

Hawakutupiana vyombo, wala hapakuwa na mke mdogo wa kusingiziwa. Familia mbili zikakaa, zikakubaliana: shule zikifunguliwa watoto wako kwa mama Kasulu, likizo wako kwa baba Murungu. Mpango huo ulikwenda vizuri kuliko ndoa yenyewe. Ndayikeza aliwasubiri watoto stendi ya Kibondo kabla gari halijaondoka hata Kasulu. Alimfundisha Nadine, mkubwa, kuunga nyaya. Nathaniel, mdogo, alitengenezewa spika ya kopo ambayo ilipiga kelele mpaka jirani wakaja kulalamika. Watoto walimpenda baba yao, na Vestina alilijua hilo na alilikubali.

Kisha vita vya Kongo vikapamba moto tena. Madereva wa malori waliokuwa wakipita Manyovu walikuja na habari, wabadilisha fedha wa mpakani wakazipokea na kuzitia chumvi, na zilipofika Murungu zilikuwa zimenenepa. Ndayikeza hakuhitaji kuongezewa. Watoto walipokwenda kwake likizo ya Juni, hapakuwa na nyaya wala spika. Palikuwa na mafunzo.

Vestina aliona tofauti siku waliyorudi. Nathaniel, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akilala kama gogo, alikataa kuvua viatu kitandani, na alfajiri godoro lilikuwa limelowa. Siku nyingine likalowa tena. Nadine, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mtiifu kupita kiasi. Ukimtuma dukani anasimama kwanza mlangoni, anatazama barabara huku na huku, ndipo anatoka. Siku moja Vestina akifagia alivuta kutoka chini ya kitanda cha watoto furushi dogo la kanga yake mwenyewe: mihogo mikavu, chumvi, kiberiti. Alilitambua kama mtu anavyomtambua mdai wake. Aliifungua kanga, akaifua, mihogo akaitwanga wakala ugali. Haikupita wiki furushi jingine likawa palepale.

Akampigia simu mwenzake. Alimwambia mambo mengi ambayo hatuna haja ya kuyaandika hapa. Ndayikeza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sauti ileile ya upole kwamba anawafundisha watoto wake kupona, na kwamba mzazi asiyefanya hivyo ndiye wa kulaumiwa. Vestina akakata simu, akarudi kwenye ungo wake, na siku hiyo maharage mabovu na mazima yalikwenda gunia moja.

Mwezi wa kumi, kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ilipasua mwamba nje kidogo ya mji. Gari la matangazo lilikuwa limepita mitaani tangu jana yake, likiwaambia watu wasishtuke. Wakubwa walisikia. Watoto walikuwa darasani wakiimba majedwali. Kwa hiyo baruti ilipolia na vioo vikatetemeka, watoto wote wa shule walipiga kelele, wakacheka, wakakaa, isipokuwa mmoja. Nadine alitoka darasa la tano, akaenda darasa la pili, akamwambia mwalimu wa zamu kwa adabu kwamba mama anamwita Nathaniel, akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka.

Mwalimu Asmahani, mwanamke wa Pangani aliyehamishiwa Kasulu na ambaye mpaka leo analalamikia baridi ya milimani, ndiye aliyegundua. Alikuja sokoni mwenyewe, mbio, kiatu kimoja kimekatika. Vestina alipoambiwa watoto hawapo shuleni, aliuacha ungo palepale. Walikwenda nyumbani, hawapo. Kanisani, hawapo. Wanawake wa nafaka walifunga meza zao wakatawanyika mitaani. Ndipo Vestina akampigia mtu ambaye hakutaka kabisa kumpigia.

Ndayikeza hakulia, hakulaumu. Aliuliza kama watoto walikuwa na maji. Vestina akaelewa hapohapo, na hasira ikampanda juu ya hofu.

"Umewafundisha waende wapi?" akasema.

"Wataacha barabara kubwa. Nilipowaleta Julai tulitembea pamoja njia ya chini, ile inayofuata kijito, upande wa kwenda Makere. Kuna migomba mingi. Watakaa mle. Mama Nadine, usiwaite kwa majina ya shule, hawatatoka. Mkubwa mwite Kaneza, na mdogo umwite Gahungu, ndiyo majina yao ya kujificha."

Hayo majina Vestina hakuwahi kuyasikia. Watoto wake wa kuzaa, na alilazimika kufundishwa namna ya kuwaita. Aliyarudia njia nzima ili yasimponyoke, mwalimu Asmahani akimfuata nyuma pekupeku. Walipofika kwenye migomba aliita, akaita tena, sauti ikikwaruza, na majani makavu yakachezacheza. Nathaniel akatoka kwanza, matope mpaka magotini. Nadine akafuata, na alipomwona mama yake alisimama akamkodolea macho.

"Mama," akasema, "kumbe umepona."

Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu aliyekwisha kuzika na sasa hajui aanzie wapi. Vestina aliketi chini palepale kwenye matope akawakumbatia wote wawili na kulia kwa sauti, mwalimu naye akalia, kwa watoto na pengine kwa kiatu.

Tangu siku hiyo kukawa na jambo moja tu nyumbani kwa Vestina: je, Desemba watoto waende Murungu au wasiende tena kabisa? Yeye alikuwa ameshaamua. Hawaendi. Alikwenda mpaka kwa Khatibu, afisa ustawi wa jamii, kijana wa Pemba mwenye maneno machache, akamweleza. Ndayikeza akaitwa, akaja kutoka Kibondo na shati la kanisani, akakaa kwenye benchi akiwa ameweka mikono magotini. Khatibu alimweleza kwamba watoto wanaumia, kwamba aache kuwasimulia habari za vita, na kwamba asipoacha mama ana haki ya kuomba wasikabidhiwe kwake.

Ndayikeza alijibu akiitazama sakafu. Alisema usiku ule wa tisini na tatu, watoto waliokuwa wamefundishwa na mama zao kunyamaza walipona, na wale waliolia hawakupona. Alisema anaweza kuahidi mengi, lakini hawezi kuwaahidi watoto kwamba dunia ni salama, kwa sababu si kweli, na yeye hajawahi kuwadanganya.

Khatibu akamgeukia Nathaniel, aliyekuwa amebanana na mama yake, akamuuliza taratibu kama anataka kwenda kwa baba likizo.

"Nataka," Nathaniel akasema. "Wakija, baba atakuwa peke yake."

Ndayikeza akafunika uso kwa kiganja. Khatibu akasema mama afikirie mpaka shule zifungwe, kisha amletee jibu, naye ataliandika kama litakavyokuwa. Vestina alitoka pale akiwa na hakika pungufu kuliko aliyoingia nayo. Kumzuia Nathaniel asimwone baba yake ilikuwa rahisi. Kumzuia asimwogopee akiwa mbali, hilo hakujua lingefanywaje.

Kuchambua maharage ni kazi ya vidole na macho. Mdomo na akili vinabaki huru. Jumamosi moja Nadine alikuwa amekaa na mama yake sokoni, kila mmoja na ungo wake, mvua za kwanza zikigonga bati. Vestina aliamua kuuliza, na safari hii hakuanzia kwenye mbuzi. Alimwomba mwanawe amsimulie ile habari anayosimuliwa na baba, yote, kama ilivyo.

Nadine alisimulia bila kuinua macho. Aliijua kama anavyojua sala. Usiku mbwa walibweka kisha wakanyamaza. Nyogokuru, yaani bibi, akamwamsha baba, akamwambia asivae chochote cheupe. Wakapita kwenye mtama. Wakalala mchana, wakatembea giza. Baba hakuruhusiwa kukohoa. Mtu mmoja aliyekuwa mbele yao hakuonekana tena. Miguu ya baba ikavimba. Mwisho wakafika mto Malagarasi, na ng'ambo ni Tanzania.

"Halafu?" Vestina akauliza.

"Halafu basi."

"Basi vipi? Walivukaje?"

"Baba hasemi. Akifika mtoni anatuambia tulale."

Mikono ya Vestina ikasimama kwenye ungo. Akakumbuka miaka yake mwenyewe Murungu, jinsi mumewe alivyokuwa akiianza habari hiyo na kuiacha, na yeye akidhani anaiacha kwa sababu kilichobaki kinajulikana: walivuka, wakaishi, si huyo hapo? Hakujua na watoto wanaachwa palepale. Kila usiku wa likizo, mtoto wa miaka saba alikuwa anapelekwa mpaka ukingoni mwa mto, watu wenye mapanga nyuma yake, halafu anaambiwa usiku mwema. Asingelowesha godoro kwa nini?

Jioni ile alipiga simu Murungu. Akamsalimu mwenzake kikamilifu, mpaka za kuku, ndipo akasema lake. Hakumtaka aache kusimulia. Alimtaka amalize. Desemba angewaleta watoto mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sharti hilo moja: habari isiishie mtoni tena. Kama hawezi, basi hawaji, na Khatibu aandike.

Upande wa pili redio ilikuwa inaongea. Kisha ikazimwa, jambo ambalo Vestina hakuwahi kulisikia maishani mwake.

"Mwisho wake siujui," Ndayikeza akasema. "Nilikuwa nimechoka, macho yakajifumba pale ukingoni. Nilipoamka nilikuwa kwenye uwanja wa shule huku Kibondo, nimefunikwa kitenge. Katikati sina kitu."

"Na mama yako?"

"Nitamuulizaje?"

Vestina alijua kwamba haiwezekani. Kwa watu wa pale Murungu, mtoto hamuulizi mzazi habari za siku za kukimbia. Mzazi akitaka atasema mwenyewe, asipotaka unakaa na ulichonacho mpaka unazeeka. Kumuuliza ni kama kumvua nguo mbele za watu. Ndayikeza, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alikuwa akiishi ua mmoja na mama yake, akila naye kila siku, na hajui alivukaje mto. Hata mkwe haulizi. Vestina hakuuliza kwa sababu hiyohiyo, na alijiona mwenye adabu.

Lakini Vestina hakulelewa na watu wajinga. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akiligeuza huku na huku, na mwisho akaona mlango. Mwana haulizi, mkwe haulizi. Mjukuu je? Mjukuu na bibi ni watani. Mjukuu humwita bibi yake mke wangu, humwita mchawi asiye na meno, hufungua chungu chake bila hodi, na bibi akikasirika watu wanamcheka bibi. Hakuna lisiloulizwa hapo. Usiku wa kuamkia safari alimweleza Nadine kazi yake, naye Nadine akaisikiliza kwa uzito wote alionao.

Wakasafiri Desemba, shule zilipofungwa. Vestina hakuwa amekanyaga ua ule tangu aondoke. Nyogokuru Nizigiyimana aliwapokea kwa mikono miwili. Alimwita Vestina mwana wanje, mwanangu, kama zamani, wala hakugusia kuachana kwao. Ndayikeza aliwasalimu akakaa pembeni, fundi asiye na cha kushika.

Ilipofika alasiri bibi aliketi kivulini akimenya ndizi za kupika, Vestina akachukua kisu akaketi naye. Nadine akaja akasimama mbele ya bibi yake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mazuri, yakapotea yote. Nathaniel ndiye aliyeropoka, kwa vile hakuna aliyemkataza.

"Nyogokuru, mtoni nani alimvusha baba? Au wewe ulimtupa, akaelea?"

Ndayikeza aliinuka nusu, kama anayetaka kumziba mtoto mdomo. Kisu cha bibi kilisimama ndani ya ganda la ndizi. Vestina hakuinua kichwa. Alijilaumu, akadhani ameharibu kila kitu. Bibi akamtazama Nathaniel. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka.

"Kuelea?" akasema. "Baba yako? Alikuwa mzito kama gunia la mihogo mibichi."

Akaeleza, akiendelea kumenya, kwa Kiswahili kilichojaa Kirundi, na pale Kiswahili kilipomwishia, Vestina alitafsiri. Mtumbwi uliwavusha. Ng'ambo, upande huu, miguu yake yeye mama ikagoma. Alikuwa amembeba mtoto tangu alipovimba miguu, akamlaza kwenye nyasi, akakaa, akajua hatanyanyuka tena. Karibu na mto palikuwa na mwanamke Mha akichimba viazi. Hakuwa mtu wa serikali wala wa padri, mwenye shamba tu. Aliwatazama, akaacha jembe, akaja, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake. Kapu la viazi akaliacha shambani. Mkono mmoja akamshika yeye mama, akamvuta kama mtu anavyovuta mbuzi mkaidi. Alipanda naye vilima mpaka kwenye ile shule walikokuwa wakikusanywa watu. Njiani hakuuliza wametoka wapi wala ni kabila gani. Aliimba kidogo.

"Na baba?" Nadine akauliza.

"Baba yako alikoroma. Na mwisho, karibu na shule, akamkojolea mgongo wote."

Nathaniel alimgeukia baba yake, macho yamemtoka.

"Baba ulimkojolea?"

"Ndiyo nasikia sasa," Ndayikeza akasema.

"Akakupiga?"

"Hakumpiga," bibi akasema. "Aliguna tu, akasema huyu sasa amefika nyumbani. Kitenge akakiacha kimemfunika, akarudi kufuata viazi vyake."

Nathaniel alicheka mpaka akalala chini. Nadine akajizuia, akashindwa, akacheka naye huku machozi yakimtoka, na Vestina hakuuliza machozi yale ni ya nini kwa kuwa hata yake yalikuwa yanatoka. Ndayikeza alitembea mpaka kwenye ukingo wa ua, akasimama huko akiwapa mgongo. Aliporudi alimuuliza mama yake swali la kwanza la aina hiyo maishani mwake: mwanamke yule alikuwa anaitwa nani? Bibi akasema hakuuliza. Wakati ule nani alikuwa na nafasi ya majina. Alisema amemtafuta sokoni miaka mingi kwa macho tu, kisha akaacha, akaamua kuwasalimu wanawake wote vizuri.

Baada ya chakula, kabla giza halijashika, watoto walimtaka baba awasimulie. Vestina alikuwa akisuuza sahani nje, akasikia. Ndayikeza alianzia kwa mbwa walionyamaza. Akapita kwenye mtama, akapita mchana wa kulala na njia ya giza. Hakuficha kitu, hata yule mtu aliyekuwa mbele yao. Akafika mtoni, akasimama. Vestina akashika sahani bila kuisuuza.

"Endelea," Nathaniel akasema.

"Halafu tukavuka," Ndayikeza akasema, sauti imepanda kama ya kijana anayebalehe. "Kulikuwa na mama mmoja anachimba viazi."

Alirudia sehemu hiyo mara kadhaa, maana hawakumwachia. Walitaka kujua viazi vilikuwa vyekundu au vyeupe, wimbo ulikuwa upi, kitenge kilikuwa na maua gani. Kwa yale asiyoyajua walimpa majibu wenyewe. Nathaniel alilala peku usiku ule, na asubuhi godoro lilikuwa kavu. Tusiseme mambo yote yalinyooka: kesho yake godoro lililowa kidogo tena, na redio ya Ndayikeza iliwashwa kabla jogoo hajawika. Hofu ya miaka thelathini haiondoki kwa ndizi za alasiri moja. Vestina alilijua hilo na hakudai zaidi.

Asubuhi ya tatu alifunga mzigo wake arudi Kasulu. Watoto walimuaga kwa haraka isiyo ya heshima, kwani walikuwa na mchezo: Nathaniel amefungwa kwa kitenge mgongoni kwa dada yake, anakoroma kwa nguvu, na Nadine anapanda naye kilima cha nyuma ya nyumba akiimba, akianguka na kuinuka.

Ndayikeza alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea mzigo. Gari lilipoonekana kwa mbali, likitimua vumbi, aliutua mzigo chini.

"Mama Nadine," akasema, "miaka yote hii nilijua kwamba nilikimbia. Sikujua kwamba nilibebwa."

Vestina alimpa mkono, akaushika wa kwake kwa mikono miwili kama wafanyavyo Waha wanapomheshimu mtu. Ndayikeza akauliza, akiangalia kando, kama watoto wangeweza kukaa naye mpaka shule zifunguliwe, badala ya kurudi baada ya Krismasi kama walivyokuwa wamepanga.

"Wakae," Vestina akasema. "Nikija kuwachukua, na mimi utanisimulia."

Akapanda gari, akakaa dirishani. Kule juu kilimani Nadine alikuwa bado anapanda na mzigo wake.